Herufi Niliyomtia Mkwe Wangu Kinywani

Usinitafutie sababu. Nimeshazitafuta mwenyewe, kwa bidii ya mtu aliyekaa chuo kikuu miaka minne na bado halali taa ikiwa imezimwa. Jua kali, umri, kahawa nyingi, shinikizo la damu: zote nimezipima, hapana hata moja iliyonitosha. Hili ninalokusimulia lilinifika mimi mwenyewe, mjini Nizwa, huku Oman, mchana kweupe, adhuhuri imepita na alasiri haijaingia, nikiwa macho, nimeshiba, na miwani yangu iko puani. Ukicheka sitakulaumu. Na mimi ningecheka, lau si simu yangu.

Lakini nianze Ibra, mji wetu, maana huko ndiko nilikojiponza.

Mimi ni mtu wa maneno. Nimefundisha lugha miaka mingi, naandika makala ambazo watu hunambia wamezisoma, na katika ukoo wetu ninayo kazi ambayo hapana aliyenipa: kusahihisha Kiswahili cha wenzangu. Wazee wetu walirudi kutoka Unguja na Kiswahili chao cha zamani, safi, kimekunjwa vizuri. Watoto waliozaliwa hapa Oman wanakiburura. Watasema "kitabu yangu", watasema "mkono moja", na katikati watatia Kiarabu pale neno lilipowakimbia. Nikiwasikia nakereka, nikikereka nasahihisha, na nikishasahihisha najiona nimetoa sadaka.

Binti yangu Rahma ni mfamasia, ana miaka ishirini na saba. Siku moja alikaa mbele yangu akaniambia yuko kijana wa Sur, mhandisi wa maji, jina lake Nasser, na wazee wake wanataka kuja kuposa.

"Huyu ndiye, Baba," akasema. "Akikataliwa sitaki mwingine. Wala silii. Nakwambia tu ujue."

Ingekuwa ni juu yangu, ningekubali pale pale. Lakini katika ukoo wetu neno la mwisho ni la Ami Seif, ndugu yake marehemu baba yangu, mzee aliyepita themanini. Ami ni mtu mwema, ila hanunui mbuzi bila kuuliza mama yake mbuzi ametoka zizi gani. Na wewe unajua, au kama hujui nakwambia, kwamba bado zipo nyumba ambazo kijana ataulizwa asili yake kabla ya kuulizwa afya yake. Wangapi wameambiwa "hamlingani" na mambo yakaishia hapo hapo?

Wakaja. Tukakaa sabla kwa Ami, yaani kwenye baraza yake ya wanaume, mazulia yametandikwa, tende ziko mbele, kahawa inazunguka. Ami akamuuliza kijana baba yake, babu yake, kisha akaufikia mlango wenyewe.

"Na Unguja mlikuwa wapi?"

Nasser akakaa sawa. Ilionekana amejitayarisha. Akasema, kwa Kiswahili chake kile cha kuburura:

"Sisi, Mzee, bibi mkubwa yetu alikuwa mzalia. Shamba kubwa ya miwa, upande wa kaskazini."

Hapa ngoja kidogo nikufafanulie, maana kisa chote kimening'inia kwenye herufi moja. Mzaliwa ni mtu aliyezaliwa mahali fulani. Mimi mzaliwa wa Dar es Salaam, maana wazazi wangu walikuwa njiani, wewe mzaliwa wa kwenu, hapana kesi. Mzalia ni neno jingine. Zamani, Unguja, mzalia alikuwa mtoto wa mtumwa aliyezaliwa ndani ya milki ya bwana. Hakutekwa, hakununuliwa. Amezaliwa tu, na kwa kuzaliwa huko akawa mali ya mtu. Vijana wetu neno hili hawalijui tena, nao hulitaja kila siku kwa kukosea: "mimi mzalia wa Maskati", "dada yangu mzalia wa Sur". Wenzao wala hawashtuki. Ami Seif anashtuka.

Na lile shamba la miwa la kaskazini lilikuwa letu.

Hilo nalo halisemwi. Tusikilize sisi tuliorudi, utadhani kila Mmanga, kila Mwarabu wa Oman aliyekaa Unguja, alikuwa na karafuu. Utadhani kisiwa kizima kilikuwa kikinukia. Sukari hatuitaji. Lakini kabla karafuu haijameza kila kitu, na hata baadaye, walikuwapo mabwana wetu waliolima miwa wakajenga vinu, na sukari ni kitu kinachokula watu. Muwa haungoji, ukishakatwa lazima usagwe, na ukishasagwa maji yake lazima yapikwe, mchana na usiku, jungu haliepuliwi. Kisha wakaja Waingereza wakaubadilisha utumwa jina, na watu wakabaki kwenye mistari ile ile ya miwa. Marehemu bibi yangu alinisimulia haya mara moja tu, nikiwa mdogo, kisha akajuta kunisimulia.

Basi finjani ya Ami ikasimama njiani, baina ya zulia na mdomo. Nikamwona Rahma akilini mwangu, kule ndani na mama yake, amekaa kimya bila kulia kama alivyoahidi.

Nikaruka.

"Anakusudia mzaliwa, Ami," nikasema, nikicheka. "Watoto wa siku hizi wanakula herufi. Mzaliwa wa Unguja."

Watu wakapumua, mmoja akacheka, wawili wakacheka. Nasser akanitazama, kisha akalitazama zulia. "Ndiyo, Ustadh," akasema. Ami akanywa kahawa yake, akaitikisa finjani kuonyesha kwamba imemtosha, akasema, "Basi kheri. Tusome Fatiha."

Nilirudi nyumbani natembea kama niliyeokoa watu baharini. Wiki ile nilikisimulia kisa kile kwa kila aliyekuwa na masikio.

Sasa twende Nizwa.

Siku ya milka, yaani siku ya kuandikwa ndoa, halwa lazima. Na mpishi wetu wa halwa hapiki kwa sukari nyeupe ya dukani. Anataka sukari nyekundu ya miwa, ile inayopikwa mashambani huko Nizwa. Nikampigia simu mwenye shamba mmoja, mzee Hamed, akaniambia anayo akiba ya msimu uliopita, nifike baada ya adhuhuri. Nikaenda. Nilipofika, mtu hapana. Wafanyakazi wamekwenda kula na kulala, kama afanyavyo kila mwenye akili saa ile. Jua limekaa juu ya mitende halisogei.

Nikasikia mtambo unasaga. Nikafuata sauti mpaka kwenye banda la makuti. Magogo matatu ya chuma yalikuwa yanazunguka polepole, maji ya miwa yanatiririka ndani ya beseni, na mwanamke mtu mzima amesimama anayalisha miwa, mmoja baada ya mmoja. Amevaa kanga mbili zilizopauka, amejifunga moja na kujitanda nyingine. Nyigu walikuwa wengi, kama wanavyokuwa penye utamu. Walikuwa kwenye beseni, kwenye makapi, kwenye mikono yangu. Juu yake hakutua hata mmoja. Hilo nililiona, nikalipita. Tunayapita mangapi?

Kwa ajili ya zile kanga nikamwamkia kama ninavyowaamkia watu wazima wa kwetu.

"Shikamoo, bibi."

Hakuinua uso. "Hiyo sijapata kupewa na mtu wa nyumba yenu," akasema.

Nilidhani anatania watu wa Ibra kwa majivuno yao. "Basi leo nimekupa mimi."

"Umenipa. Naiweka."

Niamini, sikuogopa. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja ya zamani, cha bibi yangu, kile ambacho mimi hukifukuzia kama mtoto anayefukuza kishada. Nikatoa simu nikawasha kurekodi, nikaishika chini asiione. Mwizi wa maneno, ndiye mimi.

"Bibi kwenu wapi?"

"Kinuni."

"Nakuuliza Unguja, bibi. Mji gani?"

"Nami nakujibu." Akatia muwa mwingine. Alikuwa akitumia mkono wa kushoto tu. Wa kulia umo ndani ya kanga. "Kheri gani iliyokuleta jua hili?"

"Binti yangu anaolewa."

"Na nani?"

"Kijana wa Sur. Mtoto mzuri, ila Kiswahili chake, bibi, ungekisikia ungelia." Nikamsimulia. Nilimsimulia kama nilivyowasimulia wengine, na finjani iliyosimama, na mimi nilivyoruka. Nikafika penye kuchekesha. Nikacheka peke yangu.

"Alisema neno gani?" akauliza.

"Mzalia."

"Na wewe ukatia lipi?"

"Mzaliwa."

"Sema tena."

"Mzaliwa, bibi."

Magogo yakapunguza mwendo. Sasa akaniinulia uso, na ulikuwa uso wa kawaida wa mtu aliyechoka. Hilo ndilo linaloniamsha usiku: ulikuwa uso wa kawaida.

"Umemtia mwanangu herufi isiyo yake," akasema. "Unajua kwa nini kinuni palikuwa na shoka?"

Nilijua. Bibi alinambia. Kinu kikizungushwa na ngamia hakisimami kwa ukelele wa mtu. Anayelisha miwa akisinzia, vidole vikaingia, kinachofuata ni mkono, na kinachofuata mkono ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo shoka lilikuwa likining'inia pale pale, na mtu wa kulishika.

Akautoa mkono wa kulia. Uliishia chini ya kiwiko. Pamekatwa vizuri, na mtu aliyezoea.

"Hiki ndicho nilichopewa na nyumba yenu," akasema, bila ukali, kama anayemwonyesha mgeni njia. "Hiki na neno. Mkono ulikwenda na maji ya miwa, na jungu halikuepuliwa. Sukari ile ililiwa. Neno likanibakia. Nikampa mwanangu, naye akampa mwanawe, likaja likafika kwenye zulia lenu. Wewe ukalisahihisha."

"Bibi, nilitaka kuwasitiri."

"Ulimsitiri nani?"

Mimi ni mtu wa majibu. Nimejibu wanafunzi, nimejibu wahariri, nimemjibu mke wangu pale ambapo mwenye busara angenyamaza. Pale nikatazama beseni.

"Lirudishe," akasema. "Mtoto akizaliwa nitakuja kusikia mtamwitaje."

Jasho likaniingia machoni. Nikavua miwani, nikaipangusa kwa kanzu, nikaivaa. Magogo yamesimama. Beseni limekauka, lina vumbi na jani moja. Makapi hapana, mwanamke hapana. Nyigu tu ndio waliobaki, wanauzunguka mtambo mkavu kana kwamba wao bado wanauona.

Mzee Hamed alinikuta nimekaa chini. Nikamuuliza, kwa Kiarabu, nani anayefanya kazi kwenye mtambo wake.

"Sasa hivi? Hapana mtu," akasema. "Mota nimeipeleka kutengenezwa tangu mwezi uliopita. Miwa yenyewe bado iko shamba."

"Na yule mwanamke wa Kizinjibari?"

"Mwanamke? Kwa jua hili?" Akanitazama, akaenda kuniletea maji, na akanitilia sukari yangu ndani ya gari mwenyewe, kwa upole ambao watu huwawekea wagonjwa.

Njiani nilisimamisha gari nikasikiliza simu. Dakika tisa. Sauti ya mtambo imo, inasaga vizuri. Sauti yangu imo, inauliza, inanyamaza, inasema "naam, bibi", inacheka peke yake. Yake haimo. Sawa, utasema, uliota. Lakini kila mahali niliposema "mzaliwa", na naapa ndivyo nilivyosema, simu inasema "mzalia". Mara zote. Nilimpa Rahma asikilize bila kumwambia kitu.

"Baba," akasema, "mbona unamwambia mtu mzalia, mzalia? Na unazungumza na nani?"

Nikamsimulia. Yeye ndiye wa kwanza. Hakucheka.

Je, nililirudisha neno? Ungelirudisha wewe? Milka iko wiki ile ile, wageni wameshaalikwa, mtoto wako ana uso ambao hujauona tangu alipokuwa darasa la kwanza. Nikajiambia, baada ya milka. Baada ya milka nikajiambia, baada ya harusi. Mwoga hakosi kalenda.

Ila ugonjwa ukaanza mapema. Kuandika neno lile naweza, kama unavyoona. Kulitamka siwezi. Nasema "mzaliwa", najisikia nasema "mzaliwa", na wote walio mbele yangu wanasikia "mzalia". Niliombwa kumtambulisha mgeni ukumbini, mtu mzito, na nikamtangazia kwamba ni mzalia wa Ibra. Wazee wawili waliinuka wakatoka. Vijana hawakujua kumetokea nini. Tangu hapo watu wakiuliza asili, mimi nakohoa.

Harusi ikapita. Siku moja tuko Sur nyumbani kwao, Rahma yumo jikoni, nikamwuliza Nasser.

"Siku ile kwa Ami. Ulikusudia neno gani?"

Akatabasamu kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyelingoja swali muda mrefu. "Nilisema mzalia, Baba."

"Ulijua maana yake?"

"Bibi alinifundisha. Aliniambia, ukienda kwa watu wale sema hivi hivi, wallah, baadaye wasikwambie umewaficha. Bibi wa bibi yake alikuwa kwenye kinu. Mkono moja." Akaonyesha chini ya kiwiko. Mimi sikuwa nimemwambia lolote, na Rahma aliniapia kwamba hakumwambia.

"Kwa nini hukunirudi?"

"Wewe ustadh, watu wote wanacheka, na mimi nataka Rahma." Akanyanyua mabega. "Kiswahili yangu mbovu, Baba, najua. Lakini neno hii peke yake nilijifunza sawasawa."

Sikumsahihisha.

Nikafunga safari kwenda kwa Ami Seif, nimeshika moyo mkononi. Nilimkuta peke yake, asubuhi, tasbihi inapita vidoleni. Nikaanza, "Ami, ile siku ya posa..." Akainua mkono.

"Masikio yangu mazima," akasema. "Nilimsikia kijana vizuri. Nikawa nafikiri nifanye nini. Wewe ukanifungulia mlango, nami nikapita, kwa sababu kijana ana adabu na Rahma ni mjukuu wangu. Lakini nimepita kwa mlango wako wewe. Ukilisema tena mbele yangu, itanibidi nilisikie. Na nikilisikia, wako ndugu zako wanaongoja kuona nitasema nini, na miongoni mwao wako wanaoijua njia ya mahakama, ya kuvunja ndoa ya wasiolingana."

"Hata sasa, Ami? Wameshaoana."

"Hasa sasa." Akanimiminia kahawa. "Kunywa. Umekonda."

Basi ndivyo nilivyo. Kijana alijua alisema nini. Ami alijua amesikia nini. Labda sabla nzima ilijua, na waliocheka walicheka kwa kushukuru. Aliyedhani kuna kosa la lugha alikuwa mmoja, na ndiye msomi wao.

Sasa Rahma ana mimba ya miezi minane. Watu watakuja Sur kumtazama mtoto, Ami ataletwa kwa gari, na atauliza kama wanavyouliza wazee, mjukuu wetu mzaliwa wa wapi, na wote watanigeukia mimi. Najua neno litakalonitoka. Na wanawake watajaa ndani, bibi kwa bibi na kanga zao. Mke wangu ananiuliza, kati ya hao utamjuaje? Namwambia sitamjua. Wana uso wa kawaida.

Jana Rahma alinipigia simu. "Baba, siku hiyo utasema wewe, au niseme mimi?" Nikamwambia simu inakatika. Haikuwa ikikatika.

Ami alisema "ukilisema". Mimi nimeandika. Majina nimeyabadilisha, na Ami hasomi makala zangu, kama wanavyofanya wengi wanaozisifu. Kama kuandika ni kusema au si kusema, sijui, si kwa Ami, si kwa yule bibi. Ningekuwa darasani ningekupa jibu refu.

Lakini wewe shika hili. Ukimsikia mtu amesema mbele za watu neno lililokuchoma, usiharakishe kumtengenezea. Muulize kwanza kama amekosea. Mimi sikuuliza, na zimebaki wiki tatu.